Nilisifiwa kwa Ruta Alizofunga Chepngetich

Mpendwa Mama Marcella,

Naomba unisaidie, na kabla sijasema naomba usinicheke, kwa sababu shida yangu si ya ndoa wala ya mpaka wa shamba kama zile ninazosoma kwako kila Jumamosi, shida yangu ni ya waifai, lakini imefika mahali ambapo namkwepa msichana wa miaka ishirini na saba ambaye hajanikosea lolote, tena ninayemheshimu kuliko wazee wengi wa rika langu.

Mimi nina miaka hamsini na sita, kwetu ni upande wa Kisii lakini nilikuja huku nikiwa kijana kuchuna chai ya kampuni, nikaoa huku, nikajenga huku, na sasa ni mwaka wa kumi na mbili nikiwa karani wa rekodi katika zahanati moja ya kibinafsi hapa Mulot. Mwenyewe ni Daktari Cherotich, mama mkali lakini mwenye haki. Kompyuta ya kwanza ya zahanati niliiweka mimi kwa mikono yangu, kwa hivyo wote huniita Mzee wa Kompyuta, na hilo jina, Mama, nililipenda kuliko ilivyofaa.

Watu wetu wanatoka mbali, mwingine anafika saa moja asubuhi na kuonwa saa sita, na mimi kwa kuwahurumia niliandika neno la siri la waifai kwa karatasi nikalibandika ukutani juu ya benchi ili kila anayesubiri ajisaidie, na waifai yenyewe ilikuwa ni ile moja tu tunayotumia sisi wote, kompyuta yangu, maabara, na printa iliyo katika chumba cha daktari. Sikuona ubaya. Basi siku moja ya soko kuna mtu wa ng'ombe alikuwa amekaa pale akimsubiri mke wake, anataka kumtumia mnunuzi picha ya fahali, akakosea mahali pa kubonyeza, na kule ndani mgonjwa akiwa amelala kitandani akipimwa, printa ikaanza kulia yenyewe ikatoa fahali karatasi nzima, pembe hadi mkia. Tulicheka sana. Hata mgonjwa alicheka. Mtu ambaye hakucheka ni mmoja tu, Chepngetich, msichana wetu wa maabara ambaye kwao ni Soin, aliichukua ile karatasi akaiangalia kama anasoma majibu ya damu, halafu akaniuliza, "Mzee, huyu fahali ameingia kwa mlango gani?"

Nikamwambia ni waifai tu, mtu alibonyeza vibaya.

"Sawa. Lakini kama simu yake imefika kwa printa yetu, inaweza kufika kwa kompyuta yetu pia."

Alivua koti jeupe, akaenda akakaa kwa benchi katikati ya wagonjwa na simu yake mwenyewe, na dakika tano hazikuisha akaniita. Nikaona kwa kioo cha simu jina la kompyuta yangu, chini yake folda iliyoandikwa WAGONJWA, na chini ya hiyo majina ya watu, moja baada ya lingine, watu ninaowajua, watu ninaosali nao. Nikamwambia afungue moja tuone kama kweli inafunguka. Akairudisha simu mfukoni. Akaniambia, "Hapana, Mzee. Najua itafunguka. Hawa watu walimwambia daktari, hawakuniambia mimi."

Mama, hayo maneno nimeyabeba mpaka leo, kwa sababu mimi ningefungua.

Alimweleza Daktari siku hiyo hiyo, na Daktari akasema wageni watenganishwe na ofisi kabla ya wiki kuisha, na Chepngetich akasema tutahitaji ruta, vile visanduku vinavyogawa intaneti, mbili zaidi ya ile tuliyo nayo, na hapo ndipo kiburi kiliniingia, nikasema mbele ya wote kwamba moja inatosha, kazi ya kompyuta ni yangu, yeye arudi kwa darubini yake. Hakubishana. Nikatafuta ruta moja, nikaichomeka kwa ile ya zamani, nikaipa jina WAGENI na neno lake la siri, nikabandika karatasi mpya ukutani, nikamwambia Daktari kazi imeisha. Sikujaribu, Mama. Niliona majina mawili kwa simu nikajua ni nyumba mbili.

Siku ya tisa mwalimu mmoja anaitwa Nyang'au, aliyekuwa amemleta mama yake kupimwa presha, alikuja kwa dirisha langu na uso umebadilika. Chepngetich alikuwa amesimama hapo akinipa majibu ya maabara. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nilikuwa natafuta picha zangu kwa simu, nimeona faili za watu. Nimeona jina la mamangu."

Chepngetich ndiye aliyeuliza nilichoogopa kuuliza. "Mwalimu, ulifungua yoyote?"

Akasema, "Moja. Sikujua ni nini mpaka nikasoma. Ni ya mama mmoja wa kwaya yetu. Velma."

Na faili ya Velma, Mama, ni ya ugonjwa ambao mtu huchagua mwenyewe wa kumwambia.

Mwalimu aliapa kwamba atanyamaza, akaenda. Chepngetich akataka twende kwa Daktari saa hiyo hiyo, na mimi nikamshika mkono nikamwomba, mtu mzima kama mimi, nikamwambia tutengeneze kwanza, tutasema baadaye. Akasema, "Leo tuondoe hiyo karatasi ukutani na tuzime hiyo ruta ya wageni. Jumapili baada ya kanisa tutatengeneza. Lakini ya Velma utasema wewe, Mzee. Sitakusemea."

Jumapili alikuja na ruta ya tatu ndani ya mfuko wa karatasi, na ruta yenyewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameitoa nyumbani kwake. Sasa nataka nikueleze vile alivyofanya, kwa sababu nimefundishwa na watu wengi maishani lakini hakuna aliyenifundisha bila kunifanya nijione mjinga isipokuwa yeye. Alinionyesha kosa langu kwanza: ruta ya wageni niliichomeka nyuma ya ruta ya ofisi, kwa hivyo mgeni akitaka kutoka kwenda kwa intaneti ni lazima apite katikati ya ofisi, na akipita anaona kila kitu kilichomo. "Ni kama mgeni apitie chumba chako cha kulala ndio afike kwa geti," akasema. Nikamuuliza kwa nini tusigeuze tu, wageni wakae mbele na sisi nyuma yao. Akasema hiyo ingekuwa afadhali, wasingeingia kwetu, lakini habari zetu zikitoka zingepita kwa uwanja wao, na mwenye ujanja anaweza kusimama hapo akasikiliza. Basi ile ruta ya zamani ya kampuni ya intaneti akaifanya geti peke yake, akaizima waifai yake isishike simu ya mtu yeyote, na neno la siri la kuingilia mipangilio yake, ambalo lilikuwa lile lile la kiwandani tangu siku ilipoletwa akalibadilisha. Halafu akachomeka ruta mbili kwa hiyo moja, kila moja kwa mdomo wake wa kupokea intaneti, moja ya wageni, moja ya ofisi, na kila moja na namba zake tofauti za anwani. Wote wanatoka kwa geti moja, lakini wa nyumba hii hawezi kuingia nyumba ile, kwa sababu kila mlango unafunguliwa na aliye ndani. Printa na kompyuta tukazihamisha upande wa ofisi, na folda akaifunga kwa neno la siri juu ya hayo yote.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe ndio alikuwa anaanza. Alienda akakaa kwa benchi na simu, akajaribu printa, haikuonekana, akajaribu kompyuta, haikuonekana, akaandika namba za anwani za kompyuta kwa mkono, hakuna kitu, akanipa mimi simu nijaribu, akahamia chumba cha kujifungulia akajaribu tena, mpaka nikamwambia msichana wangu, imetosha, twende tukanywe chai. Akasema, "Mzee, ile ya kwanza haikujaribiwa hata mara moja." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Sasa dhambi yangu ni hii. Jumatatu Daktari aliona ruta tatu ukutani, nyaya zimenyooshwa vizuri, akaniuliza mimi, nikasema tumeongeza moja kwa usalama zaidi. Akafurahi. Ijumaa tulikuwa na wageni waliokuja kukagua zahanati, na Daktari akawaonyesha zile ruta na kusema, "Huyu ndiye fundi wetu, Mzee Omariba," wakanipigia makofi, na Chepngetich akapiga makofi pia. Alinitazama akipiga, akingoja niseme. Sikusema. Na sasa Daktari anafungua tawi la pili Fort Ternan, na anataka mimi niende nikafunge mitambo kama hiyo na nibaki huko kama msimamizi, na mke wangu ameshaambia watu kanisani. Ni wiki tatu sasa. Ya Velma sijasema kwa mtu. Kila Jumapili namwona akiimba. Chepngetich ananisalimia vile vile, "Chamgei, Mzee," na hicho ndicho kinaniumiza zaidi, afadhali angenitukana.

Nikisema nitapoteza kazi na jina, na nisiposema sijui mimi ni mtu wa aina gani. Nisaidie.

Omariba, Mulot

*

MAMA MARCELLA ANAJIBU

Mzee Omariba, sikukucheka. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena.

Nianze na pole. Kuogopa kupoteza jina ukiwa na miaka hamsini na sita si jambo dogo, na aliyebandika neno la siri ukutani kwa kuwahurumia watu wa benchi hakuwa mtu mbaya. Pole yangu inaishia hapo.

Umenipa kurasa za sifa za Chepngetich, na nimezifurahia kweli. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi nikisikiliza siri za watu, na walioweza kufungua faili ya mwenzao wakaiacha imefungwa nawahesabu kwa vidole. Lakini sifa hizo umeniletea mimi! Mimi nina haja gani nazo? Mwenye kuzihitaji ni Daktari Cherotich. Wewe unamsifu msichana gizani na kumnyima sifa mchana, halafu unashangaa kwamba salamu yake inakuuma.

Tena umechanganya mizigo. Unadhani mzigo mkubwa ni makofi uliyopigiwa. Hapana, baba. Makofi ni aibu iliyo kati yako na Chepngetich, na yeye ana moyo mpana. Mzigo mkubwa ni Velma. Kuna mama anaimba kwaya kila Jumapili bila kujua kwamba mwenzake wa kwaya amesoma ndani ya mwili wake. Siri hiyo haikuwa yako kuiweka wala kuitoa, na kila siku unayonyamaza unaamua maisha ya mtu ambaye hakukupa ruhusa. Sheria ya nchi nayo haipendi kunyamaza huko. Mwenye kutunza habari za watu zikifikiwa na asiyestahili, anatakiwa aseme, na aseme upesi. Daktari wako hawezi kutii sheria hiyo ikiwa karani wake amemficha kilichotokea.

Sasa nisikilize vizuri. Kesho, kabla ya chai ya saa nne, ingia kwa Daktari. Usitume ujumbe kwa simu, usimtume mkeo. Mwambie kwa mpangilio: ruta ya kwanza uliifunga vibaya na hukuijaribu, mwalimu alifungua faili ya Velma siku ya tisa, ruta zinazofanya kazi leo alizifunga Chepngetich, na moja aliitoa nyumbani kwake. Usianze na "tulikuwa". Anza na "mimi". Fort Ternan ikatae wewe mwenyewe kabla hujanyang'anywa, kwa sababu utafika huko ufunge nyaya usizozijua, na zahanati ya pili nayo ibaki wazi.

Velma aitwe, aambiwe uso kwa uso, na uwepo. Akiuliza ni nani aliyeona, ana haki ya kujibiwa, kwa hivyo mwalimu atafutwe kwanza na aambiwe hivyo. Usimwombe Velma akusamehe siku hiyo. Mwambie kilichotokea, halafu unyamaze. Umeshajizoeza kunyamaza, sasa unyamaze mahali panapofaa.

Na Chepngetich usimpelekee kuku wala kitenge cha kumpoza. Mrudishie ruta yake. Kisha chukua daftari, uandike kwa mwandiko wako ruta ipi inachomekwa wapi na inajaribiwa namna gani, ili atakayekuja baada yenu asikisie, na juu ya ukurasa uandike jina la aliyekufundisha.

Neno la siri la ofisi lisibandikwe ukutani tena, hata kwa huruma. La wageni libandike, watu wa benchi hawana kosa.

Barua yako sitaichapisha sasa, maana Velma hafai kujua mambo yake kwa kusoma gazeti. Nakutumia jibu hili kwako peke yako. Ukifanya niliyokwambia, niandikie. Usipofanya, usiniandikie tena.

*

Wasomaji wangu, jibu hilo lilimfikia wiki sita zilizopita. Hii hapa barua yake ya pili. Nimeichapisha pamoja na ya kwanza kwa ruhusa ya wote waliotajwa, na kwa ombi lao nimewabadilishia majina.

*

Mama Marcella,

Niliingia saa tatu na nusu. Nilianza na "mimi" kama ulivyosema, na nilipofika kwa Velma nikamalizia nikiangalia chini. Daktari hakupiga kelele. Alimwita Chepngetich akamuuliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua, Daktari. Nilimwachia Mzee aseme."

"Siri ya mgonjwa haingoji mtu apate moyo. Ungekuja wewe."

Chepngetich akasema, "Ni kweli. Hapo nilikosea." Hakunitazama hata kidogo, hakusema ni mimi niliyemshika mkono. Ilibidi niseme mwenyewe kwamba nilimwomba, na nikasema, na nikaendelea, nikaeleza zile ruta tatu moja baada ya nyingine na nani alizifunga na vile alivyojaribu chumba kwa chumba. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia Chepngetich kwamba mitambo ya Mulot na ya Fort Ternan itakuwa chini yake, na mimi nitabaki kwa rekodi, na kila kitu nitakachochomeka atakikagua yeye. Nilisema kongoi, asante ya kwao. Nilidhani itaniuma, na iliniuma, lakini siku hiyo nilikula chakula cha mchana nikamaliza sahani. Juzi tulienda Fort Ternan pamoja, nikamshikia ngazi, na mtu wa huko akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Nikamwonyesha juu.

Velma alikuja Alhamisi. Mwalimu Nyang'au alikuwa amekubali atajwe. Daktari alieleza, nami nikaongeza sehemu yangu. Velma alisikiliza mkoba ukiwa magotini. Tulipomaliza akauliza, "Ni nani?" Daktari akamwambia.

Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Ndiyo maana. Tangu mwezi jana mwalimu ananisalimia kwa mikono miwili, kama mtu aliyefiwa. Nilijua anajua. Na mtu mmoja tu duniani nilikuwa nimemwambia, dada yangu Janefer. Alipokana kwamba amesema, nilimwita mwongo mbele ya watoto wake. Nilimwambia asikanyage kwangu tena."

Mama, hilo sikulijua. Nilidhani kunyamaza kwangu kunaniumiza mimi peke yangu.

Velma aliinuka. Mimi hakunitukana wala hakunisamehe, aliniambia tu, "Baba, ungesema siku ile ile." Kisha akatoka. Kwa dirisha nilimwona amesimama karibu na ua, simu sikioni, mkono mwingine umeshika kifua, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nilisikia maneno ya kwanza kabla sijalifunga.

"Janefer, ni mimi. Usikate. Tafadhali, dadangu, usikate."

Omariba